Mwongozo kamili: Kubuni na kuunda kisogeza fezi cha antena ya mnara ya bendi nyingi

Kisogeza fezi ni kifaa kinachoinamisha mwale wa antena kwa kubadilisha fezi, yaani kuwahisha au kuchelewesha mawimbi yanayokwenda kwenye sehemu zake tofauti. Wanaojaribu kukiunda hukwama karibu pahali pamoja. Kwenye kompyuta kila kitu kilikaa sawa, bodi ikachapwa, mkono (kipande kinachozunguka juu ya bodi na kubadilisha urefu wa njia za mawimbi) ukafungwa, halafu VNA (mashine ya kupima mawimbi yanavyopita na kurudi) ikaonyesha mambo mengine kabisa. Ukibonyeza mkono kwa kidole, mchoro unatulia, ukiachia, unaharibika. Wengi hapo hurudi kwenye kompyuta kubadilisha upana wa laini (njia za shaba kwenye bodi), na hukaa huko wiki nzima.

Kosa haliko huko. Kisogeza fezi cha aina ya mkono ni kazi ya mitambo kwanza, umeme baadaye. Pengo la hewa lisiloonekana kwa macho linatosha kuua muundo uliohesabiwa vizuri. Hatua ya 5 ndiyo ndefu kuliko zote kwa sababu hiyo, na ukiwa na haraka, isome hiyo kwanza.

Tutabuni visogeza fezi vya antena yenye bendi mbili: ya chini 694–960 MHz na ya juu 1695–2690 MHz. Kila safu ina daipoli (vipande vinavyorusha mawimbi) kumi zilizounganishwa mbilimbili, kwa hivyo kila kisogeza kina ingizo moja na matokeo matano. Mwinamo, yaani pembe ambayo mwale unaelekea chini, wa bendi ya chini ni nyuzi 0 hadi 10, wa bendi ya juu ni nyuzi 2 hadi 12.

## Usahihi unaotakiwa

Chukua antena iliyo mita 30 juu. Mwale mkuu ukiinama nyuzi 2, unagusa ardhi mita 859 kutoka mnarani. Ukiinama nyuzi 2.5, unagusa mita 687. Nusu nyuzi tu, na mita 170 zimepotea.

Mombasa jambo hili linauma zaidi. Mnara ulio kisiwani karibu na maji, mwale wake ukiinuka kidogo, unavuka Kilindini ukaingia Likoni na Mtongwe, au unavuka mkono wa Tudor ukaingia Nyali na Kisauni. Juu ya maji hakuna nyumba wala mnazi wa kuuzuia. Simu ya ng'ambo inashika mnara usio wake, na mnara wake unapata kelele. Lenga usahihi wa nyuzi 0.3 za mwinamo au bora zaidi.

## Vifaa

Kwa kila kisogeza cha majaribio utahitaji:

- Laminati (bamba la bodi) ya PTFE, yaani Teflon, yenye nyuzi za kioo, εr (kipimo cha jinsi nyenzo inavyopunguza kasi ya wimbi) 2.55, unene 1.52 mm, shaba ya mikroni 35 pande zote mbili. Hii ni ya bodi kuu.
- Laminati ya aina hiyohiyo yenye shaba upande mmoja tu, kwa ajili ya mkono.
- Filamu ya PTFE ya 0.05 mm isiyo na gundi.
- Plastiki ya POM ya kuchonga mhimili, kishikio cha mkono na wenzo.
- Springi ndogo nne za nguvu sawa na bamba tambarare la aluminiamu la 3 mm la kukalishia bodi.
- Kontakta sita za SMA (kontakta ndogo za kebo) na loadi (vizibo vinavyomeza nguvu) nne za 50 Ω.
- VNA inayofika angalau 3 GHz, pamoja na seti yake ya kalibresheni.
- Filagauge (kipimo cha mapengo membamba) yenye ulimi wa 0.05 mm, na protrakta ya kupimia pembe.
- Fimbo ya faibaglasi ya kusukumia.

Kwa programu, KiCad inatosha kuchora bodi na openEMS inatosha kuhesabu mawimbi. Zote ni za bure. Kipima PIM (masafa mapya yanayozaliwa kwenye viungo vibovu vya chuma, tazama hatua ya 8) ni ghali mno kununua kwa kazi moja. Kikodi, au peleka kifaa kwa kontrakta wa minara aliye nacho.

Onyo kuhusu FR4, bodi ya kawaida ya vifaa vya elektroniki. Ndiyo bodi iliyo rahisi kupatikana, na ndiyo inayoharibia watu kazi. Upotevu wake ni takriban mara kumi ya PTFE na εr yake hubadilika kutoka bechi moja hadi nyingine. Itumie kujifunzia namna mkono unavyozunguka, si kupimia chochote utakachokiamini. Hebu fikiria: kisogeza kizuri kinachopoteza 0.3 dB, ukikitia wati 200, kinageuza wati 13 kuwa joto ndani ya kifuniko kilichozibwa, juani. FR4 itazidisha joto hilo mara kadhaa.

## Hatua ya 1: Geuza mwinamo kuwa fezi

Tofauti ya fezi kati ya kundi moja la daipoli na jirani yake ni:

Δφ = 360 × D × (sin θ₂ − sin θ₁) ÷ λ

D ni umbali kati ya vitovu vya makundi, θ ni mwinamo wa mwanzo na wa mwisho, λ ni urefu wa wimbi hewani.

Bendi ya chini: daipoli ziko 250 mm, kwa hivyo makundi yako 500 mm. Katikati ya bendi ni 830 MHz, λ ni 361 mm. Kutoka nyuzi 0 hadi 10 unapata fezi ya nyuzi 86.5.

Bendi ya juu: daipoli ziko 110 mm, makundi 220 mm. Katikati ni 2190 MHz, λ ni 137 mm. Kutoka nyuzi 2 hadi 12 unapata nyuzi 100.

Usihofu kwamba fezi itabadilika ukihama kutoka 694 kwenda 960 MHz. Inapaswa kubadilika. Mkono haubadilishi fezi moja kwa moja, unabadilisha urefu wa njia. Njia ikiongezeka kwa milimita zilezile, fezi hupanda sambamba na masafa, na mwinamo unabaki palepale. Hapo ndipo kisogeza cha mkono kinapofaa kwa bendi pana, na hapo ndipo utakapokikagua katika hatua ya 6.

Mpaka usiouvuka. Kwa kuwa daipoli zimefungwa mbilimbili, kila ukiondoka mwinamo wa katikati ulimi wa pili wa mawimbi (mwale mdogo usiotakiwa) unaanza kuota. Kwa 830 MHz, mwinamo ukiwa nyuzi 10, ulimi huo unatokea nyuzi 33 juu ya upeo wa macho, ukiwa takriban 14 dB chini ya mwale mkuu kabla hujahesabu daipoli yenyewe inavyoudhoofisha. Hali hiyo inavumilika. Ukitaka nyuzi 14 au 16 kwa matokeo matano tu, haitavumilika tena; ongeza matokeo yawe saba au zaidi.

## Hatua ya 2: Geuza fezi kuwa milimita

Laini ya 50 Ω kwenye laminati yetu ina upana wa 4.3 mm, na εr inayohisiwa na wimbi, kwa kuwa sehemu yake hupita hewani, ni takriban 2.11. Urefu wa wimbi ndani yake kwa 830 MHz ni 361 ÷ 1.453 (kipeuo cha pili cha 2.11), yaani 248.5 mm.

Nyuzi 86.5 ni sawa na 60 mm. Bodi ina laini mbili zilizopindwa kama tao, moja ya ndani na moja ya nje, na mkono hutembea juu ya zote mbili. Hiyo 60 mm ndiyo safari yote ya mkono juu ya tao la ndani, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mkono ukisogea milimita moja kulia, njia ya kulia inapungua milimita moja na ya kushoto inaongezeka milimita moja. Tao moja linahudumia matokeo mawili yanayokwenda kinyume.

Tao la ndani lipe nusukipenyo cha 45 mm. Safari ya 60 mm inakuwa mzunguko wa nyuzi 76, yaani 38 kila upande. Tao la nje linahitaji fezi mara mbili kamili, kwa hivyo nusukipenyo chake ni 90 mm. Uwiano huu wa 1 kwa 2 hauna mjadala, na mhimili lazima ukae kwenye kitovu cha matao yote mawili. Tokeo la tano halipiti kwenye tao. Linatoka moja kwa moja karibu na mhimili na fezi yake haibadiliki.

Bendi ya juu kwa njia hiyohiyo: safari ya ndani ni 26 mm, nusukipenyo 22 mm na 44 mm, mzunguko nyuzi 68.

Mkono ukiwa katikati, antena inapaswa kuwa kwenye mwinamo wa katikati: nyuzi 5 kwa bendi ya chini, nyuzi 7 kwa ya juu. Hilo hulifanyi kwa mkono, unalifanya kwa urefu wa kebo. Kila kundi la chini licheleweshwe nyuzi 43 kuliko la juu yake kwa 830 MHz, na nyuzi 70 kwa 2190 MHz. Ndani ya kila jozi, daipoli ya chini icheleweshwe nusu ya hapo.

Angalia sana upande. Anayetangulia ni wa juu, anayechelewa ni wa chini. Ukibadilisha ncha mbili za tao moja, VNA haitakwambia chochote kwenye ingizo, lakini mwale utavurugika. Ukibadilisha ncha za matao yote mawili, mota inayosukuma mkono ikielekeza chini, mwale utapanda juu.

## Hatua ya 3: Gawa nguvu

Matokeo yote yakipata nguvu sawa, ndimi za pembeni zinakuwa kubwa, na ulimi wa juu wa kwanza ndio unaovuka maji kwenda kusumbua ng'ambo. Punguza nguvu kuelekea kwenye ncha za antena. Mgawanyo huu unafaa kuanzia:

- Tokeo la katikati: asilimia 30.4 (−5.2 dB)
- Kila tokeo la tao la ndani: asilimia 22 (−6.6 dB)
- Kila tokeo la tao la nje: asilimia 12.8 (−8.9 dB)

Kwa hivyo asilimia 69.6 ya nguvu inapanda mkono. Ikifika tao la ndani, asilimia 63 ya hiyo inashuka pale na 37 inaendelea nje. Ukipunguza ncha kupita kiasi mwale unanenepa na unapoteza nguvu mbele, kwa hivyo usichukuliwe na tamaa ya ndimi ndogo.

## Hatua ya 4: Chora matao na mkono

Mkono ukigusa tao, unaona laini mbili za 50 Ω sambamba, yaani 25 Ω. Tumia vipande vya upana tofauti kwenye mkono kulinganisha hali hii na mgawanyo wa hatua ya 3. Hapo openEMS ndiyo mwalimu wako. Anza na transfoma ya robo wimbi (kipande cha laini chenye urefu wa robo ya wimbi), kisha fupisha.

Mguso wenyewe ni kapasita, kwa kuwa filamu ya PTFE hutenganisha shaba ya mkono na shaba ya tao. Pedi ya mkono (shaba inayolala juu ya tao) isiwe nyembamba kuliko tao na iwe na urefu wa 22 mm, imepindwa kufuata tao. Eneo linalolaliana ni 4.3 × 22, karibu 95 mm². Kwa filamu ya 0.05 mm unapata 35 pF. Kwenye 694 MHz, palipo pagumu zaidi, hiyo ni 6.5 Ω. Ukiacha hivyo, riteni losi (kipimo cha nguvu inayorudi nyuma; namba ikiwa kubwa, inayorudi ni ndogo) ya mguso ni kama 18 dB. Weka shingo nyembamba kwenye mkono kabla ya pedi. Tabia yake ya kiindakta, kinyume cha kapasita, inafuta sehemu kubwa ya 6.5 Ω hizo.

Pedi ya mhimili iwe duara la 14 mm lenye tundu la 4 mm: inatoa zaidi ya 50 pF. Kwa bendi ya juu, pedi ya tao ya 12 mm inatosha: 19 pF, ambayo ni chini ya 5 Ω kwa 1695 MHz.

Urefu wa tao usiishie pale mkono unapoishia. Ongeza nusu ya pedi (11 mm) na akiba ya 6 mm kila upande. Pedi ikining'inia nje ya tao, kapasita inapungua na mwinamo wa mwisho unaharibika peke yake, huku wa katikati ukionekana mzima. Ncha ya mkono nayo isizidi tao la nje. Kipande kinachobaki hewani kinakuwa stabu (tawi la laini lisilokwenda popote) na huleta shimo kwenye mchoro wa VNA.

Boksi la kinga nalo ni sehemu ya muundo. Boksi la 180 × 130 mm linaanza kuitikia lenyewe karibu na 1.42 GHz, juu ya bendi ya chini, salama. Lakini boksi la 100 × 80 mm kwa bendi ya juu linaitikia 2.4 GHz, katikati kabisa ya kazi yako. Lipunguze hadi 75 × 65 mm na mwitikio unapanda kufika 3 GHz, na bado lipigie pini za kwenda ardhini kwa sababu laminati iliyo ndani huushusha kidogo.

## Hatua ya 5: Shinda pengo la hewa

Rudi kwenye ile 35 pF. Tuseme mkono umeinuka 0.05 mm tu kutoka kwenye filamu, unene wa unywele. Hewa inaongeza kapasita ya pili mfululizo, na 35 pF inaanguka hadi 11 pF. Ile 6.5 Ω inakuwa 20 Ω. Riteni losi inaporomoka hadi 8.5 dB: asilimia 14 ya nguvu inarudi ilikotoka, na fezi ya matokeo inahama bila mkono kuzunguka. Hakuna upana wa laini utakaoponya hilo.

Kwa hivyo fuata mpangilio huu, usiruke hata kimoja.

Bodi tambarare. Ikalishe kwenye bamba la aluminiamu la 3 mm na uibane kila baada ya 40 mm. Laminati ya PTFE ni laini, hupinda kwa uzito wake yenyewe. Ukiilalisha bila bamba, tayari umepoteza.

Uso laini. Agiza bodi zenye mipako ya bati ya kuzamisha. Mipako ya lehemu iliyopulizwa kwa hewa moto huacha vinundu vinavyoinua mkono. Nikeli iepuke kabisa. Ni ya sumaku na italeta PIM. Fedha hufifia upesi kwenye hewa ya bahari.

Filamu kubwa kuliko pedi. Izidi kwa 2 mm kila upande. Ifunge kwa kuikunja pembezoni mwa mkono au kwa rivet za plastiki. Usiweke gundi kati ya filamu na pedi: gundi ina unene wake, nao haulingani kila mahali.

Springi juu ya pedi, si juu ya mhimili. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Wanaweka springi moja katikati na kutumaini mkono utabana hadi nje. Mkono wa 90 mm hauwezi. Weka springi moja juu ya mhimili, moja juu ya pedi ya ndani, mbili juu ya pedi ya nje, zote zikisukuma kupitia kishikio cha POM kilicho kigumu kuliko mkono.

POM, si nailoni. Nailoni hunywa maji na kuvimba. Wakati wa kusi, unyevu wa Mombasa utaukaza mhimili uliokuwa ukizunguka vizuri karakanani, au utaulegeza uliokazwa. POM hunywa kidogo sana.

Hakuna grisi. PTFE inateleza yenyewe. Grisi hukusanya vumbi na kubadilisha unene wa pengo.

Kipimo cha kufaulu ni hiki. Pitisha ulimi wa filagauge wa 0.05 mm kando ya pedi zote, mkono ukiwa sehemu tano tofauti, usiingie popote. Kisha unganisha VNA, bonyeza mkono kwa kijiti cha plastiki juu ya kila pedi. Riteni losi ikibadilika zaidi ya 1 dB, springi ya pedi hiyo haitoshi au bodi imepinda chini yake. Usiendelee na hatua ya 6 kabla hili halijapita.

## Hatua ya 6: Pima

Acha VNA ipate joto kwa nusu saa, kisha ikalibreti mwishoni mwa kebo zake, si kwenye kontakta za mashine. Usizikunje kebo tena baada ya hapo.

Unganisha mlango wa kwanza kwenye ingizo, wa pili kwenye tokeo moja, na ufunge loadi za 50 Ω kwenye matokeo manne yaliyobaki. Tokeo lililoachwa wazi linarudisha nguvu na kuharibu vipimo vya mengine yote.

Pima kila tokeo mkono ukiwa kwenye nyuzi −38, −19, 0, +19 na +38. Linganisha fezi na tokeo la katikati. Mkono ukiwa mwisho, kwa bendi ya chini unapaswa kuona nyuzi hizi:

- 694 MHz: ±36 ndani, ±72 nje
- 830 MHz: ±43 ndani, ±87 nje
- 960 MHz: ±50 ndani, ±100 nje

Kosa la hadi nyuzi 5 linakubalika. Nguvu ya kila tokeo isitikisike zaidi ya ±0.5 dB mkono ukisafiri. Riteni losi ya ingizo ifike 20 dB katika bendi yote. Jumlisha nguvu za matokeo matano: zikipungukiwa na zaidi ya 0.5 dB kuliko ulichoingiza, kuna upotevu wa kutafuta.

Vipimo vikikataa, dalili husema mengi. Fezi ya nje si mara mbili ya ndani: mhimili hauko kwenye kitovu. Upande wa kulia unatofautiana na wa kushoto: alama yako ya sifuri haiko katikati ya matao. Nguvu inapanda na kushuka kadiri mkono unavyotembea: laini ya tao si 50 Ω, au kontakta imelehemiwa vibaya, na wimbi linadunda ndani ya tao. Ukirudia kipimo kwa mkono uleule na ukapata jibu jingine, rudi hatua ya 5.

## Hatua ya 7: Weka bendi zote pamoja

Antena yenye safu moja ya chini na mbili za juu ina milango sita, kwa hivyo visogeza sita. Mota ni tatu tu, kwa kuwa visogeza viwili vya polaraizesheni (mwelekeo wa mtikisiko wa wimbi) +45 na −45 za safu moja husukumwa na fimbo moja. Vikitofautiana kwa nyuzi chache, simu itaona minara miwili yenye mwinamo tofauti. Vifunge pamoja na uvipime vikiwa vimefungwa.

Mteja akitaka 1800 na 2600 MHz ziwe na mwinamo tofauti kwenye daipoli zilezile, jua bei yake kabla hujakubali. Kila kundi litahitaji daipleksa (kichujio kinachotenganisha masafa mawili): makundi matano mara polaraizesheni mbili ni daipleksa kumi kwa safu, na visogeza vinaongezeka maradufu. Mara nyingi safu ya pili ya daipoli ni nafuu zaidi na ina viungo vichache vya kuharibika.

Kata kebo kwa makini. Kwenye kebo ya PTFE, milimita moja ni nyuzi 1.4 kwa 830 MHz, lakini ni nyuzi 3.8 kwa 2190 MHz. Kebo za bendi ya juu zipimwe fezi kwa VNA kabla ya kulehemiwa, rula haitoshi. Lenga utengano wa 28 dB au zaidi kati ya polaraizesheni, na 30 dB kati ya bendi.

Sasa fimbo. Wenzo wa 50 mm unaozunguka nyuzi 76 unaifanya fimbo isafiri karibu 62 mm, kwa hivyo kila nyuzi moja ya mwinamo ni kama 6 mm. Ulegevu wa 1 mm kwenye viungo unakula nyuzi 0.16. Weka springi ya kuvuta upande mmoja ili ulegevu uwe wa upande mmoja siku zote.

Joto nalo lina lake. Aluminiamu hurefuka kuliko faibaglasi. Mota ikiwa chini na kisogeza kikiwa mita 2 juu yake, tofauti ya nyuzi 40 za Selsiasi kati ya usiku wa mvua na kifuniko kilichochomwa na jua inahamisha karibu 1.2 mm, sawa na nyuzi 0.2 za mwinamo. Weka visogeza karibu na katikati ya antena na uviweke sifuri wakati antena iko kwenye joto la wastani.

## Hatua ya 8: Pima PIM

Nguvu mbili kubwa zikipita kwenye kiungo kibovu cha chuma huzaa masafa mapya. Chukua 935 na 960 MHz, zote za kushukia simuni: mara mbili ya 935 ukitoa 960 ni 910 MHz, ndani ya 880–915 ambako mnara unasikiliza simu. Mnara unajiziba masikio wenyewe.

Kipimo ni wimbi mbili za 43 dBm, yaani wati 20 kila moja. Lengo ni −150 dBc (150 dB chini ya wimbi lililoingizwa) au chini, ambayo ni −107 dBm. Fungia loadi zenye PIM ndogo. Loadi za kawaida za SMA hazifai hapa. Zungusha mkono mwanzo hadi mwisho huku ukipima, kisha gonga boksi taratibu kwa mpini wa bisibisi. Namba ikirukaruka, kuna kiungo kilicholegea. Shuku kwanza lehemu baridi kwenye kontakta, kisha skrubu ya chuma iliyo karibu na tao (badilisha iwe ya plastiki), kisha filamu iliyotoboka ambapo shaba inagusana na shaba.

Kipimo hiki kifanye ndani ya kebo na loadi. Kurusha hewani kwenye masafa haya bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ni kosa la kisheria.

## Hatua ya 9: Chumvi, kisha mota

Chumvi ya pwani hailengi bodi kwanza, inalenga mahali metali mbili zinapokutana. Shaba ikigusa aluminiamu moja kwa moja kwenye hewa ya Nyali au Shelly Beach, aluminiamu italiwa. Weka brasi iliyopakwa bati katikati. Tundu za kutolea maji ziwe chini ya kifuniko, si ubavuni, kwa kuwa mvua ya kusi huja kwa mshazari. Kama una nafasi ya maabara, jaribio la ukungu wa chumvi la IEC 60068-2-11 lifanyike kwa kisogeza kilichofungwa kamili, na hatua ya 6 na ya 8 zirudiwe baada yake.

Mwisho unganisha mota. Kwa AISG 2.0 (kanuni za pamoja za kuongoza mota za antena) utahitaji umeme wa DC wa volti 10 hadi 30 na mawasiliano ya RS-485 kwa 9.6 kbit/s. Pakia faili ya usanidi ya antena yako mwenyewe, si ya antena nyingine iliyo karibu kufanana: safari ya fimbo kwa kila nyuzi ya mwinamo haiko sawa, na mota itatii namba mbaya bila kulalamika. Iendeshe mwisho hadi mwisho ili ijue mipaka yake. Kisha iamuru nyuzi 0, 5 na 10, na kila mara soma pembe ya mkono kwa protrakta: −38, 0, +38. Fanya hivyo kwa kupanda na kwa kushuka. Pembe za kupanda na za kushuka zikitofautiana zaidi ya nyuzi 2 za mkono, ambazo ni karibu nyuzi 0.3 za mwinamo, kaza viungo vya fimbo kabla antena haijapanda mnarani.